Faini, pesa, jirani au pipa la karibu: lipi linamsukuma mtu wa mjini atunze mazingira?

Kikao cha mtaa kikifika kwenye ajenda ya taka, kila mtu ana dawa yake. Mzee mmoja anataka faini, kwa sababu "watu wetu hawasikii mpaka waumie." Kijana wa kikundi anataka walipwe posho. Mwalimu mstaafu anaomba semina. Mama mwenye genge pale kona naye anauliza swali ambalo huwa halipati jibu: "Sawa, lakini mimi nizitupe wapi?"

Wote wanne wana hoja, na kila dawa imewahi kufanya kazi mahali fulani. Tatizo ni fungu la mtaa, ambalo halitoshi kujaribu zote. Kwa hiyo hapa nazilinganisha njia tano zinazotumika kumsukuma mtu wa mjini atende kwa faida ya mazingira: faini, pesa, jicho la jirani, urahisi na elimu. Ninaziangalia pale zilipojaribiwa, hasa Dar es Salaam, Nairobi, Kigali na Kampala, pamoja na miji michache ya mbali iliyoacha mafunzo. Ninamwandikia mwenyekiti wa mtaa, kamati ya wapangaji, au kikundi cha vijana chenye akiba ya laki mbili tatu. Waziri ana washauri wake.

Vipimo vyangu ni vitatu. Je, mtu anabadili tendo au anabadili maneno tu? Msukumo ukiondoka, tendo linabaki? Na je, mtaa unaweza kuumudu mwaka mzima? Mwezi wa kwanza kila kitu kinawezekana.

Faini na marufuku

Ukitembea Dar huwezi kukosa ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KUTUPA TAKA HAPA. FAINI 50,000/=. Na mara nyingi huwezi kukosa lundo chini ya maandishi hayo. Aliyetupa anajua kusoma. Anajua pia kwamba saa tano usiku hakuna wa kumkamata. Mtu hapimi ukubwa wa faini peke yake, anapima pia uwezekano wa kudakwa, na elfu hamsini ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri.

Sasa weka kibao hicho kando ya marufuku ya mifuko ya plastiki, ambayo Afrika Mashariki tumeijaribu katika nchi nne kwa namna nne. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008 na ikaisimamia kuanzia mipakani. Hata abiria aliyeshuka Kigali na mfuko wa dukani alitakiwa kuuacha uwanjani. Uganda ilitangaza katazo mwaka 2009, lakini liliishika mifuko myembamba tu, yenye unene wa chini ya maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kavera, kama mifuko hiyo inavyoitwa kule, ikaendelea kutamba masokoni Kampala. Kenya nayo ilikuwa imejaribu njia hiyohiyo ya unene mwaka 2007 na tena 2011, ikashindwa mara zote mbili. Askari wa soko hana kipimo cha maikroni mfukoni. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipokuja na katazo la jumla, lenye faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 za Kenya au kifungo, ndipo mifuko ilipotoweka madukani Nairobi. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019.

Mnunuzi wa Kariakoo hakuokoka kimazingira usiku wa tarehe 31 Mei. Aliamka akakuta mfuko wa bure haupo, akanunua kikapu. Sheria iliwabana waliokuwa wachache na wanaojulikana walipo, yaani viwanda, waagizaji na maduka ya jumla. Angalia jinsi adhabu zilivyopangwa Tanzania: aliyekutwa na mfuko alitajiwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, ilhali mzalishaji alitajiwa mpaka shilingi bilioni moja. Uzito wote uliwekwa juu, kwenye chanzo.

Palipoachwa upenyo, watu wamepenya. Vifungashio vya bidhaa viliruhusiwa, basi zile nailoni nyepesi zinazopitisha mwanga zikapandishwa cheo zikawa mifuko ya kubebea. Nenda genge lolote jioni:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyanya za ngapi?"

"Za buku, na bamia za mia tano."

"Kikapu kiko wapi?"

"Nimetoka kazini moja kwa moja, mama."

"Haya, leo nakutilia kwenye nailoni."

Leo hiyo ni ya kila siku. Mama hana kosa. Akikataa, mteja anavuka barabara kwenda genge la pili, ambako nailoni ipo.

Faini ina hatari nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 utafiti wa vituo vya kulelea watoto huko Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, vituo kadhaa vikaweka faini ndogo, na ucheleweshaji ukaongezeka karibu maradufu. Faini ilipoondolewa, wazazi hawakurudi walikokuwa. Zamani mzazi aliona haya kumchelewesha mwalimu. Sasa alikuwa analipia huduma. Sisi tunalijua hili kupitia ada ya taka ya kila mwezi. Mtu akishalipa elfu mbili yake, ukimuuliza kwa nini ameacha mfuko uliopasuka katikati ya njia, atakujibu kwamba amelipa, hiyo kazi ni ya wenye guta la kuzolea taka.

Tena anayekamata akiwa anapata fungu katika faini, hatahangaika na mtupaji wa usiku. Atakaa stendi amsubiri mgeni adondoshe ganda la muwa.

Kwa hiyo kama jambo lenu lina mlango mmoja unaoweza kufungwa, fungeni. Mwenye nyumba asiyejenga karo la maji taka, kiwanda kinachomwaga maji machafu, bucha linalotupa mifupa, mwenye kirikuu cha taka anayemwaga bondeni badala ya kufika dampo: hawa wana jina, wana anwani, faini inawafikia. Kwa wapangaji mia mbili na mfereji mmoja usio na taa, okoeni rangi ya kuandikia ukuta.

Pesa

Chupa ya soda ya kioo hukuti kwenye mfereji. Hajafundishwa mtu, hakuna bango, hakuna mgambo. Dukani wanakuambia "chupa iko wapi?" na usipokuwa nayo unalipia au unanywea hapohapo umesimama. Chupa ya plastiki ya maji ya kiwanda hichohicho, inayouzwa duka hilohilo, imejaa mferejini. Tofauti ni kwamba moja ina amana yako ndani yake na nyingine haina.

Plastiki nayo ina bei, lakini bei yake inamfikia mtu mwingine. Mnywaji anatupa, mwokota chupa anapita alfajiri na kiroba mgongoni, anaokota, anapeleka kwa mnunuzi anayepima kwa kilo. Pesa hapa imemsukuma maskini aokote, haijamsukuma mnywaji asitupe. Tena inasafisha kile tu chenye soko. Simama kwenye kizimba cha taka baada ya waokotaji kupita uangalie kilichobaki. Chupa ngumu hakuna, makopo hakuna, vyuma hakuna. Kuna nailoni, pampasi, maganda ya ndizi na mabaki ya wali. Na bei ya mafuta ghafi ikishuka duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi, anayenunua kuukuu anashusha bei ya kilo, na ile kazi ya alfajiri inapungua bila mtu yeyote mtaani kuwa amebadilika tabia.

Anayetaka kuona pesa ikitumika kwa akili aangalie Curitiba, Brazil. Tangu mwaka 1991 mji huo una mpango ambao mkazi analeta kilo 4 za taka zinazoweza kurejelezwa na kupewa kilo 1 ya mboga na matunda. Magari ya taka yalikuwa hayapiti kwenye vichochoro vya makazi ya maskini, kwa hiyo mji ukamlipa mkazi kuzifikisha taka barabarani, na malipo yakatoka kwenye mazao ya wakulima wa jirani. Kila aliyefika na taka aliondoka na kitu ambacho angekinunua siku hiyo hata hivyo.

Karibu na kwetu, Green Belt Movement ya Wangari Maathai, iliyoanzishwa Kenya mwaka 1977, iliwapa kina mama malipo madogo kwa kila mche uliopona. Hapo palikuwa na ujanja mkubwa. Ingelipa kwa mche uliopandwa, ingepata miche mingi ya kupigiwa picha. Kikundi chenu kikitoa posho ya kufika kwenye usafi, mtapata mahudhurio. Kikilipa kwa mita za mfereji zilizobaki safi wiki mbili baadaye, mtapata mfereji.

Pesa inaonyesha nguvu zake zote, pamoja na mipaka yake, jikoni. Benki ya Dunia mwaka 2009 ilikadiria kwamba Tanzania inatumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka na kwamba karibu nusu inachomwa Dar es Salaam. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imegawiwa kwa ruzuku. Mkakati ni mzuri, ila hesabu ya mama wa chumba kimoja ni hii: kujaza mtungi wa kilo 6 ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, wakati mkaa ananunua kwa kopo, leo hela ya leo. Ukijumlisha mwezi mzima gesi inaweza kuwa nafuu, lakini hajapata siku ambayo mwezi mzima uko mkononi. Ndiyo maana gesi yenye mita, inayolipiwa kidogokidogo kwa simu, inamfaa kuliko mtungi wa bure. Mtungi wa bure ukiisha gesi unageuka stuli.

Pesa ikiyumba, tabia nayo inayumba. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye gesi ya kupikia mwaka 2016, ikairudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaishusha hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaiondoa tena 2023. Mama mwenye akili katika mazingira hayo hatupi jiko lake la mkaa. Analiweka uvunguni.

Jicho la jirani

Hii ndiyo njia ninayoipa uzito kuliko wengi wanavyoipa, na pia ndiyo inayoharibika haraka ikishikwa vibaya.

Kule San Marcos, California, watafiti wakiwemo Jessica Nolan na Robert Cialdini walitundika vikaratasi kwenye vitasa vya milango, vikihimiza watu wapunguze umeme. Nyumba nyingine ziliambiwa okoa mazingira. Nyingine okoa hela yako. Nyingine fikiria jamii na vizazi vijavyo. Nyingine ziliambiwa tu kwamba majirani zao wengi tayari wanafanya hivyo. Mita ziliposomwa, waliosikia habari za majirani ndio waliopunguza zaidi. Kinachochekesha ni kwamba wenyewe walipoulizwa nini kinawasukuma, jirani waliyemtaja alikuwa wa mwisho kwenye orodha. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na tangu hapo mimi siamini sana dodoso linalouliza watu kwa nini wanatunza mazingira. Kila mtu atajibu "kwa ajili ya watoto wetu."

Utafiti mwingine katika mji huohuo ulionyesha upande wa pili. Ukimwambia mtu wastani wa mtaa, anayetumia umeme mwingi anashuka, lakini aliyekuwa anatumia kidogo anapanda, anajiona alikuwa anajinyima bure. Dawa ilikuwa ndogo ya ajabu: kikaratasi cha yule anayetumia kidogo kiliongezewa kikatuni cha uso unaotabasamu, na kupanda kukakoma.

Cape Town walilitumia jicho la jirani wakati wa ukame. Mwanzoni mwa 2018 mabwawa yalikuwa yanaelekea kukauka, ikatangazwa Siku ya Sifuri ambapo mabomba yangefungwa na watu wapange foleni ya maji, na tangu tarehe 1 Februari kila mtu akapewa ukomo wa lita 50 kwa siku. Jiji likatoa ramani mtandaoni yenye nukta ya kijani kwa kila nyumba iliyobaki ndani ya kiwango. Matumizi ya jiji yalishuka zaidi ya nusu ukilinganisha na 2015. Lakini si ramani peke yake iliyofanya kazi hiyo. Bei ya maji ilipandishwa, waliozidisha walifungiwa vidhibiti kwenye mita, na hofu ilikuwa ya kweli. Nashangaa kila semina inayotaja Cape Town kama ushindi wa uhamasishaji huwa inasahau bili.

Afrika Mashariki mfano mkubwa ni umuganda wa Rwanda, yaani kazi ya pamoja ya majirani, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa watu wa miaka 18 hadi 65. Tanzania nayo ina Jumamosi yake. Ilianza na Desemba 9, 2015, Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru na kushika ufagio eneo la Feri, kisha ikaja amri ya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yafungwe mpaka saa nne. Siku ni ileile, lakini moja imeshika mizizi na nyingine imebaki mapambo katika mitaa mingi. Faini ya kutohudhuria iko Rwanda, ni kweli, na mkono wa dola kule ni mzito kuliko kwetu. Bado naona tofauti iko kwenye kinachofuata kazi. Umuganda unaishia kwenye kikao cha majirani, ambapo watu wanakaa, wanaonana nani yupo na nani hayupo, na shida za mtaa zinajadiliwa. Yetu inaishia saa nne mlango wa duka unapofunguliwa. Hakuna aliyemwona mwenzake akifanya kazi, kwa sababu wengi walikuwa ndani wakisubiri muda uishe.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye pampasi. Mwulize yeyote anayezibua mifereji Dar, Mombasa au Nairobi kinachoziba zaidi baada ya mchanga. Pampasi ina uchafu wa mwilini, hakuna anayetaka ionekane kwake, hata kwenye pipa la nje analochangia na wapangaji wenzake. Kwa hiyo inafungwa kwenye nailoni nyeusi na kusafirishwa usiku hadi mferejini. Kadiri mtaa unavyozidi kuwaaibisha watu, ndivyo inavyozidi kusafiri usiku. Jicho la jirani linaongoza mambo yanayofanyika mchana, kama kufagia mbele ya nyumba, kupanda mti, kutenga chupa. Yale ya aibu linayafukuza tu kwenda gizani.

Lingine ni nyumba za kupanga. Mtu anayehama baada ya miezi sita hana muda wa kujenga heshima mtaani. Mtaa wa wenyeji na mtaa wa wapangaji wa chuo si mtaa mmoja, msinakili tu mlichoona kwa jirani.

Urahisi

Sina maneno mengi hapa kwa sababu ushahidi hauhitaji kushawishi. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, kilomita 21 ukihesabu na matawi yake, hakuna aliyeyapanda ili kupunguza moshi. Watu walipanda kwa sababu basi lina njia yake na foleni ya Morogoro Road inabaki pembeni. Jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018 kwa tendo ambalo abiria walilifanya kwa sababu ya saa ya kazini. Na urahisi ukipungua, abiria mwenye uwezo anarudi kwenye gari lake bila kumuaga mtu. Hakuna tabia iliyoota mizizi hapo. Kuna hesabu ya kila asubuhi.

Mtaani urahisi una sura ndogo zaidi: pipa liko mbali kiasi gani, lina mfuniko au halina, guta linapita siku gani, na je, linapita kweli siku hiyo? Ratiba ya guta ikikosewa mara mbili mfululizo, watu wanarudi bondeni, na kuwarudisha ni kazi kubwa kuliko ilivyokuwa kuwaanzisha. Mama wa genge aliyeuliza "nizitupe wapi" alikuwa amemaliza nusu ya mjadala.

Udhaifu wa urahisi ni gharama, tena gharama isiyoisha. Pipa bila wa kulimwaga ni chanzo kipya cha nzi.

Semina na fulana

Elimu inahitajika pale mtu hajui. Wapo wasiojua kwamba betri na balbu hazichomwi pamoja na majani, au kwamba maji ya kisima yanaweza kuchafuliwa na choo kilicho jirani. Waambiwe, tena na mtu wa afya anayeaminika. Lakini mtupaji wa pampasi anajua. Anayepikia mkaa anajua moshi unamuumiza kifua. Kuwafundisha wanachokijua ni kuwapotezea asubuhi, na fulana zenye kaulimbiu zinaishia kuvaliwa shambani. Pesa ya fulana hamsini inanunua mapipa.

Mfereji mmoja, njia tano

Tuseme mna mfereji wa mita mia mbili unaopita nyuma ya nyumba na kuziba kila masika, maji yakaingia vyumbani. Mna laki tatu. Mnaanza wapi?

Kwanza angalieni kinachouziba, kwa kukitoa nje na kukitazama, maana dawa inategemea jibu. Mkikuta zaidi ni chupa za plastiki, pesa ndiyo njia: mleteni mnunuzi wa chupa afungue kituo mtaani, mtoto na mzee wakalipwe papo hapo, na waokotaji wasidharauliwe. Mkikuta mchanga na udongo, hamna tatizo la tabia kabisa. Kuna barabara isiyo na lami au ujenzi hapo juu, na hapo faini imwendee mwenye ujenzi aliyemwaga kifusi, maana mnamjua. Mkikuta maganda na mabaki ya chakula, chanzo ni magenge na mama lishe, watu kumi au kumi na watano hivi. Hao wanakaa mchana kutwa wakionana. Kaeni nao, wachague mmoja wao asimamie, na guta lipite jioni wanapofunga, si asubuhi inapomfaa mwenye guta. Jicho la jirani litafanya lililobaki.

Utaratibu mwingine ambao haugharimu kitu ni kugawa mfereji vipande, kila nyumba nne zikajua kipande chao kinaanzia wapi na kinaishia wapi, kwa alama ya rangi kwenye ukuta. Rangi ileile mliyotaka kuandikia faini. Mfereji wa wote ni wa mtu yeyote kuutupia, lakini kipande cha kwa Mama Asha na wenzake watatu, kila anayepita anajua kikichafuka aulizwe nani. Msisahau kusifia kipande kilichobaki safi, kwa sauti, kwenye kikao, mkiwataja wenyewe kwa majina. Wale waliokuwa wanafanya vizuri tangu mwanzo ndio wa kwanza kukata tamaa wakiona wanaosemwa ni wachafuzi tu.

Na mkikuta pampasi, kama nionavyo mtaikuta, msianze na kikao wala kibao. Nunueni mapipa mawili ya plastiki yenye mfuniko mzito, myaweke mahali mtu anapoweza kufika bila kupita mbele ya mabaraza ya watu, na mkubaliane na wenye guta kwamba hayo yanamwagwa kila baada ya siku mbili hata kama mengine yamechelewa. Mapipa hayatazidi nusu ya laki tatu yenu. Inayobaki iwe ya kuwalipa wenye guta miezi ya mwanzo, kabla nyumba hazijazoea kuchangia.

Faini iacheni kabatini kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, mkiwa na pipa, siku ya guta inayojulikana na vipande vyenye wenyewe, mtabaki na wachache wanaotupa makusudi. Hao watakuwa wanajulikana kwa nyumba, na mjumbe anaweza kuwabishia hodi.